Mzee wa Korona Hakupewa Kipaza Sauti

Saa 8:10 mchana, nikiwa nimeshasimama mbele ya ukumbi, karatasi mkononi, mwenyekiti wa kikao aliniinamia akaninong'oneza: "Dada, samahani sana, fanya saba." Ratiba iliyokuwa kwenye begi langu ilinipa dakika 20. Slaidi zangu zilikuwa 24.

Lilikuwa kongamano langu la kwanza kuwasilisha makala, hapa hapa Tanga, nikiwa mwanafunzi wa uzamili. Mada yangu ilihusu msamiati wa mashamba ya mkonge: manamba (vibarua wa mkataba), kipande (kadi ya kazi), nyapara (msimamizi wa vibarua), singa (nyuzi za mkonge), korona. Ni maneno ambayo watu wa Muheza, Korogwe na Pangani wameishi nayo kwa vizazi, na maana zake za shambani huzipati kirahisi kwa kufungua kamusi. Nilikuwa nimezunguka kambi kwa kambi kwa miezi minane, nikikaa na wazee, nikirekodi, nikirudi nyumbani viatu vimejaa vumbi jekundu. Na sasa yote hayo yaingie kwenye dakika saba.

Nikafanya kosa ambalo nimeliona kwa vijana wengi tangu siku ile. Badala ya kuruka moja kwa moja kwenye kile nilichokipata mimi, nikaanzia mwanzo. Nikasimulia jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyoagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, na jinsi miche 62 tu ilivyofika hai na kupandwa upande wa Pangani. Ni habari nzuri, naipenda mpaka leo. Lakini nilikuwa naisimulia Tanga, mbele ya watu waliozaliwa na kukulia kwenye mkonge. Dakika nne zikaishia hapo. Dakika moja nyingine ikaenda kwenye neno korona lenyewe, maana baada ya 2020 ukilitaja neno hilo ukumbini watu wanafikiria ugonjwa, na ikabidi nieleze kwamba huku kwetu korona ni mashine ya kuchakata mkonge, na pia jengo lenye mashine hiyo. Nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba neno hilo limetokana na umbo la gurudumu la mashine, ambalo ni la mviringo kama taji. Kengele ikalia. Nikashuka.

Maswali hayakuwapo. Mwenyekiti alisema, "Kwa sababu ya muda, maswali tutaulizana wakati wa chakula."

Sasa nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mlango, alikuwa amekaa mzee mmoja mwenye kofia ya kiua na shati jeupe lililopigwa pasi. Nilimwalika mimi mwenyewe na nauli ya kutoka Muheza nilimpa mimi. Baba yake alitoka upande wa Njombe akaja kwenye mkonge kama manamba, na yeye alizaliwa kambini, akaingia korona akiwa kijana mdogo na kufanya kazi humo zaidi ya miaka 30. Mapajani alikuwa na kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa kamba. Nilikiona tangu asubuhi, sikujua ndani kuna nini.

Wakati wa chakula alinikuta kwenye foleni ya wali, akanivuta pembeni kwa upole. "Mwanangu, umesema vizuri," akaanza. Mzee wa pwani akianza hivyo, jua kuna jambo. "Lakini korona siyo umbo. Korona ni jina lake. Lilikuwa limeandikwa kwenye chuma chenyewe, herufi kubwa, ukipitisha kidole unalisikia. Sisi wengine hatukujua kusoma, tukaambiwa hii ndiyo Korona, tukaita korona."

Nilisimama na sahani yangu. Nilipofuatilia baadaye nikakuta ni kweli: Corona lilikuwa jina la mashine ya kuchakata mkonge iliyotengenezwa na kampuni ya Krupp ya Ujerumani. Neno lenyewe kwa Kilatini ni taji, hapo sikukosea, lakini wafanyakazi hawakulipata kwenye Kilatini wala kwenye gurudumu. Walilipata kwenye chuma, kwa kidole. Miezi minane nimekaa na wazee na sikuuliza swali hilo hata mara moja, kwa sababu jibu nilishalitunga kichwani.

Kisha akafungua lile gazeti. Lilikuwa na singa, mafungu mawili. Moja lilikuwa jeupe, laini, linateleza mkononi kama nywele. Lingine lilikuwa na madoa ya kijani yaliyokauka, gumu, linakwaruza. Akanieleza pale pale, watu wakitupita na sahani zao: majani yanalazwa kwenye mkanda yakiwa sambamba, yanabanwa, ngoma yenye visu butu inayaponda huku maji yakimwagika kuosha nyama ya jani, kwanza upande mmoja, kisha mwingine. Anayelisha mkanda akiyapanga ovyo, moja juu ya jingine, visu havifiki chini, na singa inatoka kama lile fungu la pili. "Hii ndiyo niliyotaka kuwaonyesha maprofesa," akasema. "Nilingoja mseme maswali."

Katika kilo 100 za majani ya mkonge, singa kavu unayopata ni kama kilo nne. Yanayobaki ni maji na nyama ya jani. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuhusu kongamano lile: tulisafirisha watu, tukakodi ukumbi, tukapika, tukachapisha mabango, na singa yenyewe ikabaki kwenye gazeti, karibu na mlango.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikachukua ratiba na kalamu nikajaribu kujua muda ulikwenda wapi. Kongamano lilipangwa kuanza saa 3:00 asubuhi kwa ufunguzi rasmi. Mgeni rasmi alikuwa na majukumu mengine, akafika saa 4:40. Simlaumu, ndivyo kazi zao zilivyo. Lakini hatukuthubutu kuanza bila yeye, tukakaa tukisikiliza muziki. Alipofika, meza kuu yote ikasalimu. Wanne kati ya waliosalimu walitukumbusha kwamba Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani na hapa, mwaka 1909. Ni fahari yetu, na mimi huwa najivunia kila ninaposikia, lakini mara moja ingetosha. Ikafuata picha ya pamoja, nje, kwenye jua. Ikafuata chai: washiriki zaidi ya mia, meza moja, birika mbili. Foleni ilizunguka mpaka kwenye ngazi.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nadhani ndilo kiini cha yote. Muda unaopotea asubuhi haupotei kwa aliyeupoteza. Unashuka chini, ngazi kwa ngazi. Mzungumzaji mkuu alipewa dakika zake 45 zote, nani angemkata? Maprofesa wa kikao cha kwanza wakapunguza kidogo. Cha pili wakapunguza zaidi. Kufika kwetu wanafunzi, tuliopangwa mwisho kabla ya chakula, deni lote likawa letu. Na kabla hata ya kumfikia mwanafunzi, kitu cha kwanza kinachofyekwa ni maswali, kwa kuwa maswali hayana mwenyewe. Hakuna jina la mtu kwenye ratiba mbele ya neno "Majadiliano". Hakuna atakayekasirika yakiondolewa, isipokuwa mzee mwenye kifurushi, na yeye ana adabu, hatasema.

Siku ya kufunga tuligawiwa hojaji ya tathmini. Wengi waliiacha juu ya viti wakakimbilia mabasi ya Kange. Mimi niliijaza mbele na nyuma, nikaomba karatasi nyingine. Niliandika kwa uchungu lakini kwa heshima, na mwisho nikataja jambo moja tu ninaloliomba: maswali yawe na mwenyewe.

Wiki tatu baadaye simu ikaita. Alikuwa katibu wa kamati ya maandalizi. "Tumesoma barua yako," akasema, ingawa haikuwa barua. "Njoo basi tufanye pamoja." Kongamano lililofuata lilikuwa baada ya miaka miwili, na nikaingia kwenye kamati kama msimamizi wa ratiba.

Nilidhani kazi itakuwa ya kalamu na rula. Kumbe ilikuwa ya kuzungumza na watu. Pendekezo langu la kwanza lilikuwa kuhamisha ufunguzi rasmi kutoka asubuhi kwenda saa 8:00 mchana. Mzee mmoja wa kamati, mtu ninayemheshimu sana, akalipinga papo hapo: "Mgeni rasmi hafungui mlango uliokwisha kufunguliwa." Na ana hoja. Kwetu mgeni hukaribishwa kwanza, ndipo mazungumzo yaanze. Ukimleta katikati, ni kama umemkaribisha kwenye mabaki ya chakula. Tulivutana vikao viwili. Mwishowe tukakubaliana hivi: asubuhi mwenyeji anawakaribisha washiriki kwa dakika kumi, kazi inaanza, na alasiri mgeni rasmi anaingia, anasikiliza makala mbili pamoja nasi, kisha anafungua. Tulimwandikia mapema tukamweleza sababu. Siku ilipofika alikuja saa 8:20, akakaa, akasikiliza, na kwenye maswali akanyoosha mkono. Aliuliza kuhusu majina ya samaki kwa Kidigo, kwa sababu mama yake alikuwa akiuza samaki. Hotuba yake baada ya hapo ilikuwa fupi, na sehemu kubwa hakuisoma, aliisema.

Jambo lililonipa kazi zaidi ni mtunza muda. Kwenye kongamano la kwanza mtunza muda alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye kengele. Maskini yule kijana! Unamgongeaje kengele mtu aliyekufundisha, na ambaye kesho ndiye anayesahihisha mtihani wako? Aligonga mara moja, taratibu kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya msiba, na mzungumzaji akaendelea dakika kumi na mbili zaidi. Tulipofika sisi wadogo ndipo kengele ikapata nguvu. Kwa hiyo tulipokaa kupanga, watu walitoa mawazo ya kila namna: saa kubwa kwenye projekta, kuzima kipaza sauti, hata faini. Kuzima kipaza sauti nilikataa kabisa. Huwezi kumzimia mtu mzima sauti mbele ya watu ukatarajia kesho akusaidie.

Aliyetuokoa ni mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi, mama wa makamo ya kuwa bibi wa wengi wetu, anayeishi mtaa wa jirani na ukumbi. Tulimwomba yeye akae mstari wa mbele na kadi tatu za manila alizozikata mwenyewe: kijani, njano, nyekundu. Hakuwa na kengele. Alikuwa na miwani yake na kitabu cha kuandikia. Asubuhi ya kwanza profesa mmoja alipoingia alimwona, akasimama, akaenda kumpa shikamoo kwa mikono miwili. Kumbe alimfundisha darasa la nne. Siku nzima, kadi nyekundu ilipoinuka, mtu alikatisha sentensi na kusema, "Ahsante, Mwalimu." Hakuna aliyejisikia amedharauliwa, kwa sababu aliyewakatisha alikuwa na haki ya kuwakatisha tangu walipokuwa wakivaa kaptula. Kwa mtu yeyote anayeandaa kongamano pwani hii, kabla hujanunua kengele, tafuta mtu wa namna hiyo.

Maswali nayo tukayapa mwenyewe. Kila kikao kilikuwa na makala tatu tu, na dakika 30 za majadiliano zilizoandikwa jina la mtu: fulani ataongoza majadiliano. Tulimchagua mtu huyo mapema, tukamtumia makala kwa WhatsApp wiki mbili kabla, naye akaja na maswali yake. Mtu akishaandikwa jina kwenye ratiba, ataulinda muda wake. Na tukaweka kanuni kwamba swali la kwanza, kila kikao, linatoka kwa mgeni asiye mwanachuo: mvuvi, fundi, mkulima, mwalimu wa shule.

Ili makala ziwe tatu kwa kikao, ilibidi tupunguze. Hapa sikufanikiwa vizuri na bado linaniuma. Ikisiri nzuri, yaani mihtasari ya makala zilizoombewa nafasi, zilikuwa nyingi kuliko nafasi zenyewe, na vyuo vingi havimlipii mtu nauli na posho asipowasilisha. Ukimwambia "njoo usikilize tu", umemwambia abaki nyumbani. Tukajaribu mabango: wale tuliowakosesha nafasi waandike utafiti wao kwenye karatasi kubwa na kusimama nayo barazani wakati wa chai. Upepo wa baharini ukayang'oa siku ya kwanza. Siku ya pili tuliyafunga kwa kamba za katani, yakashika, lakini watu walikuwa na vikombe mkononi na macho kwenye maandazi na machungwa ya Muheza. Binti mmoja alisimama na bango lake nusu saa nzima, akasomwa na watu wawili. Nilikwenda nikamwomba radhi. Nadhani mara nyingine mabango yawe ndani, yawe na kikao chake, na mtunza muda wake.

Mengine yalikuwa mepesi. Chai tukaitandaza kwenye meza tatu, moja kila pembe, baada ya mama aliyekuwa akitupikia kutueleza kwamba foleni haisababishwi na wingi wa watu, inasababishwa na sukari: kila mtu anasimama palepale penye birika kukoroga. Sukari ikapata meza yake. Dakika 15 zikatosha.

Na saa. Kongamano la kwanza mgeni mmoja kutoka Ulaya aliona kwenye ratiba "saa 3:00", akaja saa tisa alasiri akiwa amevaa tai, tayari kuwasilisha makala aliyopaswa kuiwasilisha asubuhi. Alikuwa anazungumza Kiswahili kizuri, lakini mtu akiwa na haraka anasoma kwa akili ya kwao. Safari hii tuliandika "saa 3:00 asubuhi" kila mahali bila kuacha, na kwa wageni tukapiga simu usiku wa kuamkia.

Mzee wa korona alikuja tena. Safari hii hakukaa karibu na mlango. Nilimweka mstari wa pili, na jina lake likawa kwenye ratiba. Kijana mmoja aliwasilisha makala kuhusu maneno ya kazi kwenye viwanda vya Tanga, na swali la kwanza likawa la mzee. Alisimama na kifurushi chake cha gazeti, kipya. Kipaza sauti alikishika mbali sana na mdomo, kama mtu ashikavyo kuku asiyemwamini, na mwanafunzi mmoja akamsogezea taratibu. Hakuuliza swali. Alifungua gazeti, akampa mtu wa mwisho wa kila mstari fungu la singa, akasema zipite mkono kwa mkono. Ukumbi ukanyamaza. Unasikia tu ile sauti kavu ya singa ikivutwa kwenye vidole. Kisha akaeleza kipande: kadi ya kazi yenye siku 30, nyapara anaweka alama kila siku uliyomaliza kazi yako, na usipoimaliza, siku hiyo haihesabiki ingawa umeshinda juani. "Kwa hiyo mkisema kipande ni karatasi," akasema, "mmesema nusu. Kipande ni siku zako."

Kadi ya njano ikainuka. Akaiona, akaendelea. Nyekundu ikainuka. Akamgeukia yule mama: "Mwalimu, naomba moja tu." Mwalimu akamtazama juu ya miwani, akaiteremsha kadi.

Mimi ndiye niliyeandika kanuni zile za muda, na nilifurahi kuona ya kwangu ikivunjwa. Alichukua dakika sita zaidi. Kijana aliyewasilisha alikuwa akiandika mpaka kalamu ikamwishia wino, akaazima nyingine.

Sasa tunaandaa la tatu. Kwenye simu yangu kuna saa tisa za majadiliano yaliyorekodiwa, na nayaandika kila usiku baada ya kuwalaza watoto, ukurasa mmoja, wakati mwingine nusu. Hilo tulilisahau kabisa kwenye mipango: makala zilikusanywa, majadiliano hakuna aliyepangiwa kuyaandika, na humo ndimo mlimo maneno ambayo sijayakuta kwingine. Safari ijayo kutakuwa na watu wawili kwa kila kikao kwa kazi hiyo tu, na watalipwa.

Nimeomba pia siku moja ya kongamano ihamie shambani, ndani ya korona yenyewe, washiriki wauone mkanda na visu. Kamati imekubali. Juzi nilimpigia mzee kumwuliza siku gani inafaa, nikapendekeza Jumapili kwa kuwa barabara inakuwa na nafasi.

"Usiwalete Jumapili, mwanangu," akasema. "Jumapili korona imelala, watakuta chuma tu. Walete Jumatatu, saa moja asubuhi, wakati inaamshwa."